Kitambaa Kilichosomwa Kishule

Sauda aliingia sebuleni na sinia la chai lenye vikombe sita.

Waliokuwa wakipiga muziki mle ndani walikuwa wanne. Ukimwongeza Sauda mwenyewe, watano. Zawadi, binti yake mdogo, alikuwa bado ameibana fidla kidevuni. Alivihesabu vile vikombe kwa macho, akacheka.

"Mama, leo unakunywa viwili?"

"Changu hiki hapa. Hivyo vinne vyenu. Na hiki cha mgeni wenu." Sauda alitazama huku na huku. "Kwani ameshaondoka? Mbona hajaaga?"

"Mgeni gani?"

"Si yule mrefu aliyesimama nyuma ya Naima. Nimemwona kupitia pazia, nikasema hawa watoto hata kiti hawakumpa mtu."

Naima, binti mkubwa, aliyekuwa amekaa na fidla kubwa kati ya magoti, aligeuka polepole. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na ukuta tu, na ukutani kitambaa cha babu.

Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Jua la Biharamulo lilikuwa linawaka juu ya mabati, na nani angefikiria kuogopa saa kama hiyo? Renatus, aliyekuwa akiwafundisha, alichukua kikombe cha sita akakinywa yeye.

"Muziki umekuwa mzuri hadi wasioalikwa wanakuja," alisema.

Wote wakacheka, isipokuwa Naima. Alikuwa anajipangusa shingo, kama mtu aliyepuliziwa hewa baridi.

Kitambaa hicho kilikuwa shuka refu jeupe la marekani. Alikichora babu yao, Ahmadi, aliyekuja kutoka Pangani na robota za nguo, akafungua duka Biharamulo na kusomesha watoto wa Kiislamu. Kilikuwa na michoro minne iliyotenganishwa kwa mistari. Kushoto kabisa palikuwa na mlango wenye komeo. Halafu wanawake sita. Halafu mtu mmoja mrefu, kichwa chake kikigusa upindo wa shuka. Mwisho, kulia, njia tupu. Rangi ya michoro ilikuwa nyekundu ya kufifia, kama maji ya chai. Babu alikuwa mtu wa dini na hakuwachora nyuso, kwa hiyo huwezi kujua kama wale watu wanakuja au wanakwenda. Bibi yao, kabla hajafariki, aliwaambia jambo moja tu kuhusu kitambaa hicho: kisifuliwe. Walidhani anahofia rangi.

Renatus alikuwa kijana wa Murusagamba aliyejifunza muziki seminari. Upadri aliuacha, fidla hakuiacha. Alikuwa anatunga muziki mpya wa nyuzi tupu, usio na kuimba wala ngoma, na kila alichotunga kilitoka kwenye picha. Kichwa cha mtu kikiwa juu, sauti inapanda. Mstari ukiwa mnene, upinde unakandamizwa. Mahali peupe, kimya. Watu wa mtaani walimcheka. Jirani mmoja aliuliza kama bawaba za nyumba ile zimekosa mafuta. Lakini watu wa tamasha huko Bukoba walimwandikia barua kwamba waje wapige. Kwa Zawadi, aliyeachishwa shule kidato cha pili baba yao alipofariki, barua ile ilikuwa kama kuitwa jina tena darasani.

Alipokiona kitambaa cha babu mara ya kwanza, Renatus alisimama mbele yake mpaka chai ikapoa.

"Mlango unafunguka," alisema, akipitisha kidole hewani. "Watu wanatoka. Wanashika njia. Hawa ni wakimbizi."

Keza alikubali. Yeye alikuwa anapiga fidla ya kati. Wazazi wake walitoka Burundi, wakapitia kambi ya wakimbizi ya Lukole, wakabaki Ngara kulima. "Mama yangu anasimulia hivyohivyo," alisema. "Kwanza mlango."

Sauda aliruhusu mazoezi kwa sharti moja, yafanyike chini ya paa lake baada ya sala ya adhuhuri. Siku Naima alipoleta ile fidla kubwa nyumbani, mama yake aliizunguka kama mtu anayekagua mbuzi.

"Chombo gani hiki cha kukumbatia kama mume?"

"Afadhali huyu, mama. Hali wala hakoromi."

"Hakoromi? Hebu mguse tena tumsikie."

Wiki ya kwanza walipiga "Mlango". Zawadi ndiye aliyeongoza. Wiki hiyo yote mlango wa stoo ulikutwa wazi kila baada ya mazoezi, na Zawadi akagombezwa kwa uzembe. Wiki ya pili walipiga "Wanawake Sita", wakiongozwa na Keza. Walisikia wasichana wakicheka uani, na kila wakichungulia wanaona kuku tu. Walidhani ni majirani. Sasa ilikuwa wiki ya tatu, na "Mtu Mrefu" alikuwa wa Naima.

Siku ya pili baada ya vile vikombe sita, Zawadi alikuwa anafagia uani alipoona nyayo kwenye vumbi alilolifagia dakika chache zilizopita. Zilitoka mlango wa stoo. Zilikuwa nyembamba, ndefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole, na ziliishia chini ya dirisha la chumba anacholala yeye na Naima. Hazikurudi.

Aliingia ndani. Sebule ilinuka marashi, yale ya kunyunyizia maiti, na chini ya marashi harufu ya zafarani. Alipotazama ukutani, fagio likamponyoka. Mlango haukuwepo kwenye kitambaa. Wanawake sita hawakuwepo. Mtu mrefu hakuwepo. Shuka lilikuwa jeupe kama limetoka dukani jana, isipokuwa kule kulia ambako bado kulikuwa na njia.

"Naima!"

Dada yake alikuwa amekaa kitandani, amekunja mkono wa kushoto mbele ya kifua. Mkono wa kulia ulishika mwiko wa ugali, na ule mwiko ulikuwa unakwenda na kurudi juu ya ngozi, taratibu, kwa mwendo uleule wa upinde. Ngozi ilikuwa imeshachanika mistari minne myekundu iliyolingana.

"Dada, acha! Unajiumiza!"

Zawadi aliushika ule mkono. Hakuweza hata kuupunguza mwendo. Ni kama kushika mkono wa mashine ya kusaga.

Renatus alisimamisha mazoezi siku hiyohiyo. Fidla kubwa ikafichwa kwa jirani. Haikusaidia kitu, kwa sababu kila ikifika saa saba Naima alipiga chochote kilichokuwa karibu, ukingo wa kitanda, kamba ya nguo, mguu wake mwenyewe, na akishapiga kwa muda alianza kunong'ona, na mnong'ono wake ulijaza nyumba nzima ingawa ukimsogelea husikii kitu ila pumzi, hivyo Sauda akiwa jikoni aliusikia sebuleni, na akienda sebuleni aliusikia jikoni. Hospitali walimpima malaria, hakuwa nayo. Walimpa dawa za usingizi, akanong'ona akiwa amelala.

Keza alikuja kumwona siku ya tatu. Alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Mana yanje," alimwita Mungu wake kwa Kirundi, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Zawadi, babu yangu akipiga inanga, lile zeze letu, huimba kwa kunong'ona hivihivi. Lakini babu hunong'ona akitoa pumzi. Msikilize dada yako. Huyu ananong'ona akivuta pumzi ndani."

Zawadi akasikiliza. Ilikuwa kweli. Na akiwa bado anasikiliza, maneno yakatoka, kwa Kiswahili cha zamani cha pwani ambacho Naima hakuwahi kukizungumza.

"Mmenisoma vizuri."

Basi Sauda akatuma watu Nyamigogo kumwita Maalim Hatibu, mzee aliyekuwa mwanafunzi wa babu Ahmadi. Alifika kwa bodaboda, amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuomba maji. Hakumuuliza hata mgonjwa.

"Shikamoo, maalim," Sauda alisema.

"Marahaba. Kitambaa kiko wapi?"

Wakamwonyesha. Alikitazama kwa muda.

"Mlikifua?"

"Wallahi hatukukigusa."

"Mmekifanya nini, basi?"

Renatus alisogea. "Tulikipiga, mzee. Kwa fidla. Nilikisoma kama noti."

"Ulianzia wapi?"

Renatus alinyoosha kidole kushoto. "Hapa. Mlangoni."

Maalim alipapasa nyuma yake, akakipata kiti, akakaa.

"Umesoma kishule, mwanangu."

"Ndiyo, mzee. Nimefika seminari."

"Ahmadi hakusoma shule. Alisoma chuoni."

"Chuo gani?"

"Chuo cha Kurani!" Mzee alipandisha sauti, halafu akaishusha upesi na kutazama chumba cha Naima. "Kalamu yake ilianzia kulia. Mnajua kombe? Maalim anaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, anaiosha kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Basi hili ni kombe ambalo halikuoshwa. Mwaka ule wa watu wengi Lukole, Ahmadi alikuwa anapeleka chumvi na sabuni kule. Akakuta wasichana saba wana hali kama hii ya binti yenu. Ni jini mmoja na wake zake sita, wamekaa kila mmoja kwa msichana wake. Akawaandika. Kwanza njia. Halafu yeye mrefu. Halafu wake zake. Halafu mlango. Mwisho, komeo. Waliingia, mwanangu. Hii ni picha ya watu wanaoingia. Nyinyi mmeanza na komeo."

Zawadi alitazama vidole vyake vya mkono wa kushoto. Noti ya kwanza kabisa ilikuwa yake. Aliifanyia mazoezi siku nne mpaka Renatus akampigia makofi.

"Tutakipiga tena," Renatus alisema. "Kutoka kulia."

"Mtakipiga. Lakini sikilizeni." Maalim alimtazama mmoja baada ya mwingine. "Atakayepiga sehemu ya huyu mrefu awe mtu mzima wa afya. Binti huyu asiguse upinde. Hata akiwaomba kwa machozi."

Alhamisi nzima Renatus aliandika noti upya, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ijumaa baada ya sala walikaa sebuleni. Naima aliletwa akafungwa kwa kanga mbili kwenye kiti kando ya mama yake. Maalim alikaa kwenye mkeka akafumba macho, akaanza kusoma, na aliwaambia kabla kwamba akishaanza hawezi kukatiza hata kwa neno moja. Renatus angepiga "Njia" kwa fidla yake, kisha achukue fidla kubwa ampige mtu mrefu badala ya Naima.

"Njia" ilipita salama. Wekundu kule kulia ulikolea, kama doa linalolowa. Renatus akaweka fidla chini, akanyoosha mkono kuchukua ile kubwa.

"Zawadi," Naima akasema. "Mdogo wangu, mbona mnapiga bila mimi?"

Ilikuwa sauti yake. Haikuwa mnong'ono. Ilikuwa sauti ya Naima kabisa, ikiwa na ule mkwaruzo wa mtu aliyeamka sasa hivi. Walikuwa hawajaisikia kwa siku tisa.

"Mwanangu!" Sauda alimkumbatia kichwa. "Mwanangu, umerudi?"

"Mama, nimechoka. Nifungueni nipige sehemu yangu iishe. Kaka Renatus hawezi kuipiga hii, vidole vyake vizito. Mwambie mwenyewe kama naongopa."

Renatus alimtazama Maalim. Mzee alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, macho yamefumbwa, anasoma kwa haraka zaidi, anapiga mkeka kwa kiganja, paa, paa, paa. Sauda alikuwa ameshaanza kufungua kanga.

"Mama, usifanye hivyo!" Zawadi alisema. "Maalim amekataa!"

"Maalim hakumzaa huyu! Sauti ya mwanangu naijua. Mpe chombo chake, Renatus. Mpe!"

Naye alimpa.

Naima aliipokea fidla kubwa, akaipiga jinsi hakuna aliyewahi kumsikia akipiga, na kwenye kitambaa ukatokea unyayo, kisha goti, kisha kiuno, mstari mwekundu ukipanda kama maji yanavyopanda kwenye utambi, na Zawadi alitamani kusimama ampokonye upinde, lakini miguu yake ilikuwa si yake, na mama yake alikuwa analia kwa furaha, na mzee anapiga mkeka, na Keza tayari alikuwa ameingia kwenye sehemu yake kwa sababu noti zilimtaka aingie, na wale wanawake sita wakarudi mmoja mmoja, na kila mmoja alipoandikwa kikasikika kicheko kikikatwa katikati huko uani, mpaka ikabaki sehemu ya Zawadi peke yake, na Zawadi akapiga mlango, kisha akapiga komeo, kwa sababu angefanya nini kingine, watu saba wakiwa wameshaingia na mlango uko wazi.

Noti ya mwisho ilitoa mlio wa chuma kwenye mbao.

Marashi yalikatika. Nyumba ikanuka vumbi na chai kama zamani. Naima alilaza upinde mapajani, akapiga miayo.

"Nina njaa," alisema. "Kuna ndizi?"

Alikula sahani mbili jikoni. Sauda alikaa mbele yake akimtazama kila tonge, akicheka na kujifuta machozi. Keza alimbusu, akaondoka. Renatus alikwenda nje.

Zawadi peke yake ndiye aliyerudi sebuleni kukitazama kitambaa. Mlango ulikuwepo, na komeo lake. Wanawake sita walikuwepo. Mtu mrefu alikuwepo, ila hakuwa mrefu sana tena. Kichwa chake hakikufika upindoni. Na ingawa babu hakumchora yeyote viganja, huyu alikuwa na kimoja, kimebandikwa wazi mbele yake kama mtu anayesukuma ukuta. Zawadi alisogea. Vilikuwa vidole vitano. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepindia ndani, kama kilivyokuwa kidole cha Naima tangu alipobanwa na mlango wa duka akiwa na miaka mitano.

Alirudi jikoni taratibu. Naima alikuwa anamenya ndizi ya tatu. Vidole vyake vyote vilikuwa vimenyooka.

Zawadi alitoka, akamkuta Maalim barabarani akisubiri bodaboda. Alimweleza kwa kunong'ona, ingawa hapakuwa na mtu karibu. Mzee hakushtuka.

"Nimemwambia mama yako," alisema. "Amenijibu kwamba mwanawe yuko ndani anakula, na niende zangu salama."

"Lakini tulimsoma kutoka kulia!"

"Mlisoma. Swali ni nani alikuwa anasoma. Aliyeshika upinde ni yule mrefu. Msomaji hubaki nje, mjukuu wangu. Ndani ya mwili ule cha kusomwa kilikuwa kimebaki kimoja tu, ni Naima."

"Basi nifungue. Nianze kushoto. Komeo ni langu, naweza peke yangu."

"Unaweza. Na Naima atatoka. Na wale sita watatoka mbele yake, maana wao ndio wako mlangoni. Watataka wasichana sita. Utampa Keza? Utampa nani baada ya Keza?" Bodaboda ilisimama. Mzee alipanda kwa shida, akashika bega la dereva. "Nikiwa na jibu nitakuja. Usinisubiri."

Renatus alirudi Murusagamba wiki hiyohiyo, na Bukoba hakwenda. Alimwachia Zawadi ile fidla aliyojifunzia. Alisema ni yake, hana moyo wa kumnyang'anya. Sauda aliacha kulia. Alimnunulia Naima kitambaa cha gauni, akawaambia majirani kwamba dua imejibiwa, na kila Zawadi akifungua mdomo kusema lolote, mama yake alimkata. "Una wivu na dada yako? Kwa nini huwezi kufurahi kama watu?"

Jumatatu mchana walikuwa wawili tu nyumbani. Naima alimketisha Zawadi kwenye mkeka sebuleni, akaanza kumsuka. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko zamani. Hakumvuta hata unywele mmoja.

"Unamsikia?" aliuliza.

Zawadi alikaza macho kwenye kitambaa.

"Mimi namsikia. Anakwaruza. Analiita jina lako, si la mama." Kitana kilipita polepole kutoka paji hadi kisogoni. "Fidla yako ile pale juu ya kabati, nimeifuta vumbi. Wake zangu nao wamechoka kubanana. Noti moja tu, mdogo wangu. Unajua uanzie upande gani."

Ukutani, kitambaa kilivimba kidogo kuelekea nje, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Zawadi aliingiza mikono yake miwili chini ya mapaja, akaikalia kwa uzito wake wote. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshaanza kucheza.